Usiulize Namba Peke Yake: Mzazi wa Manyatta na Ripoti Fomu ya Mtoto wa Sekondari

Shule zimefungwa kwa likizo ya Agosti, na karatasi moja imeingia karibu kila nyumba ya Manyatta yenye mtoto wa sekondari. Imekunjwa mara nne, ina muhuri wa shule, maneno mawili matatu ya mwalimu wa darasa, na pale chini nafasi ya mzazi kutia sahihi. Ni ripoti fomu. Na swali la kwanza, liulizwe kwa Kijaluo au kwa Kiswahili, ni lile lile: umekuwa namba ngapi?

Baba yangu aliniuliza hivyo kwa miaka minne. Hakuwahi kuniuliza Kemia inaendaje. Nikiwa namba tatu alinunua soda, nikiwa namba kumi na moja alikaa kimya hadi chakula cha jioni. Simlaumu. Namba ilikuwa kitu pekee kwenye karatasi ile ambacho mtu yeyote angeweza kukielewa bila kufundishwa, na hakuna aliyemfundisha kilichobaki. Makala haya yanajaribu kufanya kazi hiyo, hasa kwa wazazi wa kidato cha nne ambao watoto wao wamebakisha muhula mmoja, na kwa wazazi wa kidato cha pili cha mwaka 2025 ambao walikuwa katika hali ya pekee, kama tutakavyoona.

Kwanza niondoe utata mmoja ambao huletwa kila mara kwenye mabaraza ya wadi. Serikali ya Kaunti haisimamii shule za sekondari. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari ilibaki kwa Serikali ya Kitaifa, na mitihani iko mikononi mwa Baraza la Mitihani, KNEC. Kwa hiyo kaunti haiwezi kumbadilishia mtoto somo wala kumhamisha shule. Lakini mzazi anayekuja ofisi ya wadi kuuliza habari za basari ni yule yule anayeshika ripoti fomu asiyoielewa, ndiyo maana tunaandika.

Namba inasema nini hasa

Namba inasema mtoto wako yuko wapi akilinganishwa na wenzake wa darasa lile, muhula ule, katika mtihani ule. Haisemi zaidi ya hapo.

Mtoto anaweza kuwa namba mbili katika darasa la watu 40 akiwa na wastani wa C-. Nyumbani atachinjiwa kuku. Hakuna ubaya, kuku ni wake, lakini mzazi ajue kwamba C- haimpeleki mtoto chuo kikuu kusomea shahada. Inampeleka diploma. Mwingine, katika shule yenye ushindani mkali, anaweza kuwa namba 30 akiwa na B-, na huyo akarudi nyumbani na kuitwa mvivu.

Kuna mtego wa pili ambao huwapata hata wazazi makini. Tuseme muhula wa kwanza mtoto alikuwa namba 15 kwa wastani wa pointi 6.4. Muhula wa pili amekuwa namba tisa kwa wastani wa pointi 5.9. Kwa macho ya namba, amepanda ngazi sita. Kwa hakika ameshuka, ila wenzake wameshuka zaidi yake. Mwezi Novemba hatashindana na wenzake wa darasani. Atafanya mtihani mmoja na nchi nzima.

Mwaka 2014 Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Jacob Kaimenyi, ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi katika matokeo ya mitihani ya kitaifa. Sisi tuliosoma kabla ya hapo tunakumbuka magazeti yenye orodha ya shule mia bora na picha za vijana waliobebwa juu juu. Ndani ya shule, hata hivyo, namba iliendelea kuandikwa kwenye ripoti fomu, na bado inatundikwa kwenye mbao za matangazo. Sioni kama ni dhambi, kwa sababu kuna watoto wanaoamshwa na ushindani. Ila cheti cha KCSE chenyewe hakina mahali pa kuandika namba ya darasani. Kina masomo, gredi ya kila somo, na gredi ya wastani. Hicho ndicho kitakachosomwa na chuo na mwajiri.

Gredi na pointi

Kila gredi ina pointi zake. A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, C ni 6, C- ni 5, D+ ni 4, D ni 3, D- ni 2, na E ni 1. Mtoto hufanya masomo saba au nane, wachache tisa, lakini yanayohesabiwa kwenye wastani ni saba tu. Saba mara kumi na mbili ni 84, na hiyo ndiyo jumla ya juu kabisa.

Ni yapi hayo saba? Hapa ndipo wazazi wengi wamebaki na habari za zamani. Hadi mwaka 2022 ilikuwa lazima kuhesabu Hisabati, Kiingereza na Kiswahili zote tatu, sayansi mbili, somo moja la jamii, na moja la ziada. Tangu KCSE ya 2023 hesabu ni nyingine: Hisabati, lugha moja ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi kati ya Kiingereza na Kiswahili, kisha masomo matano mengine aliyofanya vizuri zaidi, yawe yapi. Bado analazimika kufanya Hisabati, lugha zote mbili na angalau sayansi mbili, lakini sayansi iliyomshinda haimvuti chini kama zamani ikiwa ana mengine mazuri.

Mabadiliko hayo yamesaidia wengi kupata wastani bora. Yamezaa pia kutoelewana kupya, na sitaki kupita haraka hapa kwa sababu ndiko machozi ya Januari hutoka.

Mfano wa watoto wawili

Tuchukue watoto wawili wa kufikirika, tuwaite Akinyi na Otieno. Wako kidato cha nne katika darasa moja la wanafunzi 58. Mama Akinyi anauza omena soko la Kibuye na amewaambia wenzake wote wa meza za karibu kwamba binti yake atakuwa nesi pale Russia, jina ambalo wengi wetu bado tunaiita Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Akinyi ni namba saba. Otieno ni namba 21, na nyumbani kwao amekwisha kuambiwa aanze kufikiria kuendesha boda boda.

Akinyi ana Hisabati D+, Kiingereza B+, Kiswahili A-, Bayolojia C, Kemia C-, Historia A-, Somo la Dini ya Kikristo A, na Biashara B+. Tuhesabu. Hisabati ni 4. Lugha bora ni Kiswahili, 11. Matano mengine bora ni Dini 12, Historia 11, Kiingereza 10, Biashara 10 na Bayolojia 6. Jumla ni 64. Gawa kwa saba, unapata 9.1, na hiyo ni B. Kemia haikuhesabiwa kabisa.

Otieno ana Hisabati B, Kiingereza C, Kiswahili C+, Fizikia B, Kemia B-, Bayolojia B-, Kilimo C+ na Jiografia C-. Hisabati 9, Kiswahili 7, Fizikia 9, Kemia 8, Bayolojia 8, Kilimo 7, Kiingereza 6. Jumla ni 54, sawa na wastani wa 7.7, yaani B-.

Matokeo ya KCSE yakija hivyo, Akinyi amemshinda Otieno kwa pointi kumi na Mama Akinyi atapiga vigelegele kutoka Kibuye hadi Kondele. Kisha watakaa mbele ya kompyuta kuchagua kozi ya shahada ya uuguzi, na kompyuta itakataa. Kozi ile huitisha si chini ya C+ katika Bayolojia na Kemia. Akinyi ana C na C-. Ile B ya wastani haiwezi kuziba pengo hilo.

Otieno naye akitaka uhandisi wa umeme au wa ujenzi ataona kwamba kiwango cha chini ni C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia, na anazo zote tatu kwa zaidi. Akitaka kuwa mwalimu wa sekondari wa Hisabati na Fizikia, anatakiwa awe na wastani wa C+ na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Anazo. Hii haimaanishi nafasi ni yake tayari, kwa sababu kozi zenye waombaji wengi huchukua wenye alama za juu kuliko kiwango cha chini. Lakini mlango uko wazi kwake, na kwa Akinyi umefungwa.

Je, Akinyi ameshindwa? Hata kidogo. Kusomea sheria kunahitaji wastani wa C+ na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Akinyi anazo zote mbili. Ualimu wa Historia na Dini uko wazi kwake, na kazi kama hii yangu ya uandishi pia. Tatizo ni kwamba kwa miaka minne nyumba nzima ilikuwa inatazama namba saba, na namba saba haikumwambia mtu yeyote kwamba mtoto huyu haendi kwenye uuguzi. Safu ya Kemia ilikuwa ikisema hivyo tangu kidato cha pili, lakini haikusomwa.

Klasta ni nini

Neno hili mtalisikia sana baada ya matokeo. Shirika la kitaifa linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, KUCCPS, huangalia mambo mawili. La kwanza ni jumla ya pointi za masomo saba, ile ya upeo wa 84. La pili ni pointi za masomo manne ambayo kozi ile inayajali, yenye upeo wa 48. Masomo hayo manne ndiyo klasta. Hivyo viwili huunganishwa kwa hesabu moja kupata alama ya ushindani kwa kozi hiyo.

Kwa hiyo mtoto mmoja ana alama tofauti kwa kila kundi la kozi. Anaweza kuwa na nguvu sana kwenye klasta ya sheria na dhaifu kwenye klasta ya utabibu. Klasta ya utabibu ni Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili, na kozi ya udaktari yenyewe huitisha B katika kila moja ya hizo nne. Mzazi anayesema mtoto wake atakuwa daktari afungue ripoti fomu sasa hivi na atazame hizo nne. Nyingine zisubiri.

Ushauri wangu ni chukua kalamu nyekundu. Mwambie mtoto akutajie kozi tatu anazozitaka, kila moja na masomo yake manne, kisha mzungushie duara masomo hayo kwenye ripoti fomu za mihula mitatu iliyopita. Tazama kama gredi zinapanda au zinashuka. Tazama pia alama zenyewe, zile za asilimia, maana kila shule huweka mpaka wake wa gredi: 70 ya shule moja ni A- na ya shule nyingine ni B. Zoezi hili huchukua dakika ishirini. Nimelifanya na mpwa wangu mezani, tukagundua kwamba somo ambalo alidai analipenda kuliko yote ndilo lililoshuka mihula mitatu mfululizo. Tulikuwa na mazungumzo marefu jioni ile.

Kidato cha pili wa mwaka 2025 walikuwa wa mwisho

Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Watoto wale waliingia kidato cha kwanza 2024, mwaka 2025 walikuwa kidato cha pili, na KCSE yao ni ya mwaka 2027. Nyuma yao hakuna kidato kingine, kwa sababu wadogo zao wako kwenye mtaala mpya. Kwa hiyo mwaka 2025 ndio uliokuwa mara ya mwisho kwa wanafunzi wa 8-4-4 kuchagua masomo ya kuendelea nayo kidato cha tatu. Mzazi asidhani ataona mwaka mwingine jinsi wengine wanavyofanya.

Nieleze kwa nini nalitilia mkazo. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, mwalimu aliingia darasani akasema wasio na alama nzuri za Fizikia waiache, kwani inashusha wastani wa shule. Rafiki yangu wa dawati, ambaye alikuwa akifungua redio za watu tangu darasa la sita, alikuwa na 48 katika Fizikia muhula ule. Aliiacha. Alikuwa namba moja wetu hadi kidato cha nne, na mwaka wa mwisho alipata B+. Alipokwenda kujaza uhandisi wa umeme, hakuwa na Fizikia ya kujaza. Leo ana duka la kutengeneza simu hapa Kondele, linamlipa vizuri, na mkono wake ni mwepesi. Lakini hadi leo tukikaa kunywa chai ataniuliza: hivi 48 ile ingekuwa ngapi baada ya miaka miwili?

Hatukujua kwamba mzazi anaweza kuuliza. Anaweza. Kabla ya fomu ya uchaguzi wa masomo kurudishwa, nenda shuleni umuone mwalimu wa darasa au mwalimu anayehusika na ushauri wa taaluma. Muulize mambo manne. Somo hili linaachwa kwa sababu ya mtoto au kwa sababu ya wastani wa shule? Kuna mwalimu wa kulifundisha na maabara ya kulifanyia? Likiachwa, ni kozi zipi zinaondoka nalo? Na kama mtoto analitaka, atapewa muda gani kujaribu?

Jibu la pili huwa chungu kwa shule zetu nyingi za kutwa. Kuna shule isiyo na mwalimu wa Fizikia, na mtoto hawezi kusomeshwa na ukuta. Hapo mzazi atachagua kati ya kumtafutia mtoto nafasi shule nyingine na kurekebisha ndoto mapema. Yote mawili ni bora kuliko kusikia habari hiyo baada ya matokeo.

Upande wa pili nao upo. Kuna wazazi wanaolazimisha sayansi tatu kwa mtoto ambaye uwezo wake wote uko kwenye Historia na lugha, kwa sababu jirani ana mtoto daktari. Mtoto huyo huishia na D tatu na chuki ya shule. Sheria ya mtihani inadai sayansi mbili. Ya tatu iwe na sababu.

Wazazi wa Gredi ya 9 ya mwaka 2025 wao hawana namba wala KCSE ya kusubiri. Watoto wao walichagua njia zao mwaka huo kati ya tatu zilizopo, yaani sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo, kwa ajili ya kuingia sekondari ya juu Januari 2026. Mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini hubeba asilimia 60 ya alama, tathmini za shuleni asilimia 20, na ule wa Gredi ya 6 asilimia 20. Wao wanahitaji makala yao. Kwa sasa niseme tu kwamba swali ni lile lile: njia hii inafungua nini, na inafunga nini?

Muhula uliobaki

Turudi kwa kidato cha nne. Katika KCSE ya 2024 waliofanya mtihani walikuwa 962,512, na waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391. Ni kama mmoja kati ya wanne. Takwimu hiyo siiandiki kutishia mtu. Naiandika kwa sababu nyumba nyingi zina mpango mmoja tu, wa chuo kikuu, na watatu kati ya wanne watahitaji mpango mwingine ambao haukuzungumzwa.

Mpango huo upo na uko karibu. C- inatosha kuingia diploma, na Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisumu kiko hapa mjini. D inamwingiza mtoto kwenye cheti cha ufundi. Mwenye D- au E hajafungiwa, anaanza na ngazi ya chini ya ufundi na kupanda, na hapo ndipo vyuo vya ufundi vya kaunti vinapoingia. Diploma ya uuguzi katika KMTC, chuo chenye kampasi hapa Kisumu, huanzia wastani wa C, pamoja na C katika Bayolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, na Kemia pia hutazamwa. Akinyi wetu wa mfano yuko karibu na mlango huo kuliko ule wa shahada, na muhula mmoja wa kuikazania Kemia na Bayolojia unaweza kumsogeza zaidi.

Hivyo ndivyo muhula wa tatu unavyopaswa kutumiwa. Mtoto hawezi kubadilisha masomo manane kwa wiki kumi. Anaweza kutafuta mawili ambayo yako pembeni mwa gredi ya juu, yenye alama mbili tatu tu za kupungua, na yaliyo ndani ya klasta anayoitaka, akayapa saa zake za alfajiri. Mwenye mradi wa Kilimo au Kompyuta aukamilishe, kwa sababu alama zile hukusanywa kabla ya karatasi za Novemba na wengi huzipoteza kwa uzembe tu. Na hapa naomba wazazi wa Manyatta, ambako nyumba nyingi ni chumba kimoja na redio ya jirani inasikika kama ni yako: mtafutieni mtahiniwa mahali pa kusomea jioni, iwe darasani baada ya masomo shule ikiruhusu, kanisani, au kwa shangazi mwenye chumba kitulivu. Kibanda cha mama kisifungwe naye saa mbili usiku kila siku mwaka huu.

Sherehe kubwa za kumaliza shule hatuna sana kwetu. Kuna siku ya maombi, kuna keki, na wiki chache baadaye ni karatasi ya mwisho na sanduku la bati juu ya boda boda. Kinachofuata ni makaratasi, na makaratasi yamewaangusha wengi waliofaulu.

Kagua majina. Jina kwenye orodha ya usajili ya KNEC linapaswa kulingana na cheti cha kuzaliwa, kwa tahajia na kwa mpangilio. Atieno Mary wa shule na Mary Atieno wa cheti cha kuzaliwa watahangaishana kwa miaka. Muombe mwalimu akuonyeshe orodha shule zikifunguliwa. Mtoto aliyefikisha miaka 18 aanze kushughulikia kitambulisho Desemba, asisubiri barua ya chuo. Matokeo ya miaka miwili iliyopita yalitoka wiki ya pili ya Januari, kwa hiyo mwezi huo si wa kumpeleka mtoto mbali asikopatikana kwa simu.

Maombi ya KUCCPS hufunguliwa baada ya matokeo na hufanywa mtandaoni kwa ada ya shilingi 1,500. Asiye na kompyuta aende dawati lao katika Huduma Centre ya Kisumu badala ya kumwachia kijana wa saiba amchagulie kozi huku foleni inamsukuma. Aende na namba yake ya mtihani, mwaka wa mtihani, namba ya cheti cha kuzaliwa, na karatasi ile yenye duara nyekundu. Na kama shule inashikilia cheti kwa sababu ya karo, mzazi asikate tamaa kimya kimya. Wizara ya Elimu imekwisha kuwaagiza wakuu wa shule watoe vyeti hivyo. Aandike barua kwa mkuu wa shule, abaki na nakala, na akikosa jibu aipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.